Mshairi Aliyefanana na Maelfu

Mamudo alijulikana Olumbi nzima kwa mambo mawili: kutunga mashairi, na kuyasifu mashairi hayo kuliko msikilizaji yeyote. Wiki ile likaongezeka la tatu: Ijumaa baada ya swala wazee wake wangekwenda kumposea Laila, binti wa Bwana Ossufo muuza barafu.

Mwenye akili angetulia. Lakini barafu ya Bwana Ossufo ilikuwa ikiwafikia wavuvi nusu yake maji, samaki wa mjomba wake Mamudo wakaoza, na shairi likimkaa Mamudo kooni huwa kama mwiba wa changu: ama litoke, ama afe nalo. Akatunga. Sasa aliweke wapi? Ukurasa wa mashairi uliosomwa pwani nzima ulikuwa wa Rafique, mpwa wa Ossufo, naye alijigamba kwamba hakuna aingiaye humo asimjue.

"Nimeshatia VPN," Mamudo alimwambia rafiki yake Gildo, fundi wa simu. "Rafique ataniona niko Norwei."

Gildo akacheka. "Epá, mshairi! VPN inaficha nyumba uliyotokea. Kivinjari chako je? Kinamwambia ukubwa wa kioo, lugha, saa ya hapa, na zile herufi zako za mapambo ambazo mwingine hana. Umejifunika shuka gubigubi, lakini mwendo ni uleule wa maringo."

Akamwekea kivinjari kingine, kinachowavalisha watu wote sare moja, akamkataza hata kulipanua dirisha lake, maana ukubwa wake nao humtambulisha mtu. Kisha akafungua ukurasa wa kupimia. Jibu likaja: hakuna kinachomtofautisha mtumiaji huyu na maelfu ya wengine.

"Hongera," alisema Gildo.

"Hongera ya nini? Mimi nifanane na maelfu?"

"Ndiyo dawa yenyewe."

Mamudo akanyoosha mkono alipanue dirisha angalau kidogo, Gildo akamchapa kofi vidoleni. Basi kwa shingo upande akaukata ubeti wa mwisho, ule ambamo mtunzi hujitaja jina, akalituma shairi likiwa yatima.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Bwana Ossufo alikuwa barazani kwake, simu mkononi, wenzake wamemzunguka. Mamudo, kanzu imepigwa pasi hadi inakata, alitakiwa asalimu tu apite.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo usikie nilivyotukanwa! Rafique kafuatilia, kaambulia Norwei na alama zisizo za mtu. Lakini mimi sihitaji mashine. Huyu ni Jamaldine."

Jamaldine! Yule mtunzi anayefunga kina cha "samaki" kwa "samaki"!

"Huenda si yeye, baba," Mamudo alisema.

"Nani mwingine hapa ana vina vizito hivi? Wewe kijana mwema, tungo zako za kubembelezea watoto walale." Baraza likaangua kicheko. "Tena mwoga, kalikata shairi mkia. Mwanamume hutia jina lake."

Mamudo alimfikiria Laila. Aliwafikiria wazee wake, ambao saa hiyo walikuwa wakivaa makoti. Akauma ulimi. Ulimi ukamponyoka:

*Naweka chini kalamu, wa Olumbi nimenena,*
*Mamudo mwenye ilimu, silifichi langu jina,*
*Barafu isiyodumu, yayeyuka twaiona,*
*Ossufo twakulaumu, maji kwetu tele sana.*

Aliyekuwa akitafuna karanga aliacha.

"Kumbe," alisema Bwana Ossufo, polepole. Akaiweka simu chini. "Waambie wazee wako wasijisumbue. Posa nitaipokea siku barafu yangu itakapoacha kuyeyuka."

Mamudo akawakuta wazee wake njiani, akawarudisha na makoti yao, kisha akaenda kujitupa kwenye benchi la Gildo na kumsimulia yote.

"VPN ya mdomo, ndugu yangu," alisema Gildo, "bado haijatoka."

Mamudo aliinamisha kichwa kwa muda mrefu, na Gildo akamhurumia, akidhani analia.

"Gildo," alisema mwishowe, "ile 'kumbe' yake. Unadhani ilikuwa ya hasira tu, au na vina pia vilimgusa?"