Kizibao cha Maganda ya Vidonge

Mtaani walimwita binti huyu Makopo, na jina likamkaa. Tangu utotoni hakuweza kuona kitu kimetupwa akakipita. Zipu mbovu, mipira ya dripu, nywele za bandia zilizofagiliwa saluni, vyote viliingia chumbani mwake vikatoka vidani na mataji ambayo hakuna bibi harusi mwenye akili timamu angeyavaa. "Urembo wa mwanamke hauanzii kwa sonara," alipenda kusema. Majirani walimcheka, naye akawaacha wacheke.

Safari hii, hata hivyo, alikuwa amejitia kitanzi kwa mikono yake mwenyewe.

Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameugua saratani miaka miwili, akakatwa titi la kushoto, akameza vidonge hadi akachukia maji. Kila ganda lililotupwa, Makopo aliliokota. Miezi minne aliyakunja, akayatoboa, akayaunga kwa waya wa shaba, mpaka kikatoka kizibao cha kumeta, mabegani hadi kiunoni. Hajawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Tatizo ni kwamba ugonjwa ulikuwa siri. Wateja waliambiwa ni presha, na mama mtu alitaka ibaki presha. Makopo hakuomba ruhusa. Kila siku alijiambia kesho, hadi kesho zikamwishia, na leo saa tisa maonyesho ya sanaa yanafunguliwa, kizibao kikiwa kimetundikwa ukutani.

Saa tano mlango wa ukumbi ukasukumwa. Akaingia mama, futi yake ya kupimia shingoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimeambiwa na mteja. Kiko wapi?"

Makopo akaonyesha kwa kidole. Mama akasoma kikaratasi cha ukutani: *Maganda ya dawa za mama yangu.* Akasoma tena.

"Mama, nisamehe. Ukisema nikitoe, nakitoa sasa hivi."

"Nyamaza kwanza."

Mama akavuta futi. Akapima mabega, kiuno, kisha kifua, halafu akageuka.

"Vipimo vya nani hivi?"

"Vyako."

"Vyangu? Na hapa kushoto umeweka nini?"

Kweli, kizibao kilikuwa na matiti mawili, mviringo na mviringo.

"Niliogopa kukuaibisha, Mama."

"Ala! Dawa zangu unazitundika ukutani walimwengu wazione, halafu kifua ndicho unachokionea aibu?" Mama akatikisa kichwa. "Mtoto wa fundi mzima, unampimia mteja kwa huruma! Lete koleo."

Wakakishusha. Mwenye ukumbi, kijana wa miwani, akaja mbio. "Mama, tafadhali, hiyo ni sanaa, haiguswi!"

"Sawa, mwanangu. Na mimi ndiye mwenye mwili."

Kijana akarudi alikotoka. Mama alikata waya za kushoto moja moja, akayalaza maganda bapa, akayafunga upya kwa mshono wake wa siku zote, ule usioonekana. Pindo la shingoni akalitilia bitana, likaacha kukwaruza. Kisha akaingiza mkono ndani ya blauzi, akachomoa bonge la pamba alilokuwa akitembea nalo mwaka mzima, akampa bintiye.

"Nishikie."

Akakivaa. Kikamkaa barabara, kushoto na kulia, bila kupwaya popote. Akajitazama kwenye kioo cha mlango, akajigeuza upande huu na ule kama msichana dukani, akashusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilichoka kuwa na presha, mwanangu. Nilichoka sana."

Makopo akahisi mzigo wa miezi minne ukimshuka mabegani. Akakaa sakafuni pale pale, akalia kwa raha.

"Lia upesi, kuna kazi," mama akasema, akinyoosha kidole ukutani. "Hicho kikaratasi gani? 'Mama yangu, mama yangu.' Mama yako hana jina? Andika jina langu kamili, uandike na fundi cherehani. Watu wajue wa kumuuliza."