Vidole Viwili vya Meya

Mdogo wangu akikusalimia haachi mkono upesi. Wapo wanaosema ni maringo ya umeya, wengine eti anatafuta kura. Hawamjui! Vidole viwili vinateleza mpaka kwenye kifundo cha mkono, na huku anakuuliza habari za watoto, anasikiliza mapigo ya moyo wako. Ndivyo alivyofanya miaka yote ya udaktari, na umeya haukumponya ugonjwa huo.

Mimi ni dada yake, tumenyonya ziwa moja. Tangu mkewe afariki tunaishi wawili tu kwenye nyumba ya meya, viti kibao, wa kuvikalia hakuna. Zamani hatukumaliza kula bila mlango kugongwa: daktari, mtoto anatapika, daktari, mama haamki. Nilikuwa nafoka kweli. Siku hizi wanaobisha hodi wanataka viwanja, hakuna hata mmoja anayemwonyesha ulimi.

Wiki iliyopita, kabla ya kikao cha baraza, alimsalimia diwani mmoja, mtu wa kumpinga hata akisema leo ni Jumanne. Vidole vikaganda. Moyo wa yule bwana ulikuwa unadunda ovyo, unaruka, unatulia, unaanza tena. Akamvuta pembeni.

"Ndugu yangu, nenda hospitali sasa hivi. Moyo wako hauko sawa."

Diwani akapaza sauti. "Jamani, mmesikia? Leo tunapigia kura soko, mheshimiwa anataka nikalale wodini!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mdogo wangu akampigia simu mke wa diwani, ikakatwa. Akatuma gari la wagonjwa, likarudishwa getini.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nilimwambia.

"Lilikuwa linasikia, Dada, nilipokuwa daktari."

Diwani alifariki siku ya tatu, ameinama anafunga kiatu. Mazikoni mdogo wangu alimnyooshea mjane mkono wa pole, mjane akakunja mikono kifuani. Nyuma yetu mtu akanong'ona, "Si ndiye aliyemtabiria?" Basi kila tuliyemfikia akatia mikono mfukoni. Wallahi niliyameza matusi kwa sababu tu tulikuwa makaburini.

Nyumbani hakugusa chakula. Alikaa na suti yake, anaitazama mikono yake. Iliniuma sana. Nikavuta kiti, nikamnyooshea mkono.

"Haya, daktari. Nami nipime, au mpaka nilipe?"

Akacheka kidogo. Vidole vikatua, akafumba macho. Akasikiliza muda mrefu, mrefu kuliko kawaida yake, kisha akaomba na mkono wa pili.

"Vipi?"

"Uko sawa kabisa, Dada. Moyo wa msichana." Akatabasamu, tabasamu lile lile la kwenye mabango ya kampeni.

Nikaurudisha mkono wangu taratibu. Sikujua kama nimejibiwa na daktari au na meya. Na yeye akaona kwamba sijui.