Kompyuta Iliyoomba Chai

Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa mpya, kila kijana wa mtaa wetu wa Maisaka alijifanya mtaalamu wa kompyuta, na kibanda cha video cha Skolastika kikageuka kichekesho. Kwenye kanda zake za zamani, za watu wanaorandaranda kati ya nyota, kompyuta ilikuwa kabati zima, yenye taa za kupepesa na magurudumu ya utepe makubwa kama sinia. Vijana walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakahamia kwa wenye sidii.

Skolastika alikuwa amechoka. Amechoka kufuta mabenchi yasiyokaliwa, amechoka na deki ya video inayotafuna kanda. Mchana huo akakubali: Rama, fundi redio, achukue deki akatoe vipuri, ampe ya sidii. Kilichomuuma ni kimoja tu. Marehemu mumewe, Alois, ndiye aliyezitafsiri kanda hizo na kurekodi sauti zote yeye mwenyewe. Deki ikienda, na sauti yake imekwenda.

"Shikamoo, Mama Zawadi. Nichomoe nyaya?" Rama alimuuliza.

"Marahaba. Subiri kanda hii iishe," Skolastika alisema.

Kwenye runinga, nahodha wa chombo cha angani akaiuliza kompyuta njia ya kurudi nyumbani. Taa zikapepesa, kompyuta ikajibu kwa sauti nzito ya Alois: "Njia ipo. Lakini kwanza, Mama Zawadi, bandika chai."

Rama akaangua kicheko. Utani huo Alois aliuchomeka makusudi. Kila kanda ilipofika hapo watazamaji walimgeukia Skolastika, naye akainuka kwenda kuwasha jiko huku akinung'unika. Hata baada ya msiba aliendelea kuinuka. Mazoea yana taabu.

Leo miguu ilikataa.

"Jichemshie mwenyewe, Baba Zawadi," alisema. "Nimechoka."

Akabaki kwenye benchi. Magurudumu yakazunguka, nahodha akasubiri, na kompyuta ikasema tena, taratibu: "Haya, amekwenda. Anasema tu, lakini anakwenda. Sijui ningeishije bila mwanamke huyu."

Skolastika akaduwaa. Rama akamtazama, kicheko kimemwisha. Yeye maneno hayo aliyajua tangu utotoni, kama kila mtu aliyewahi kukaa pale.

"Mama, kumbe hukuwahi kuyasikia?"

"Ningeyasikia wapi? Nilikuwa jikoni."

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akiona haya kulia mbele ya mtoto wa watu.

"Irudishe nyuma, mwanangu," alisema. "Halafu hizo nyaya uziache."