Kona ya Mjomba

Fundi wa mashine ya kukata chuma alikuwa amemweleza mjomba wake mpaka koo likamkauka. Mashine haijui ngazi wala mlango. Inajua sifuri tu, yaani kona ya chini kushoto ya meza, na kuanzia hapo kila nukta ina namba mbili: ya kwanza inakwenda kulia, ya pili inapanda juu. Mjomba, mchomeleaji wa karakana hiyohiyo, aliitikia kwa kichwa kila mara, tena kwa heshima zote.

Sasa walikuwa kwa daktari wa meno, wamelisimamisha pambo la chuma la ubavu wa ngazi, lililokatwa kwa vipimo alivyoleta mjomba. Ngazi ilipanda kuelekea kulia. Pambo lilishuka kuelekea kulia.

"Mjomba, ulipima kuanzia wapi?"

"Kwenye kona."

"Kona ipi?"

"Kona si kona tu, mwanangu! Ile niliyokuwa nimesimama."

Fundi alifumba macho. Kona ya kulia, basi. Kila namba ya kwanza ilikuwa imegeuzwa, za pili ziko salama salimini, na mstari wenye mteremko chanya umekuwa na mteremko hasi.

"Lakini pembe uliipima mwenyewe na kipimapembe chako," mjomba alisema. "Ukasema safi."

"Pembe ni ileile! Imetazama upande mwingine!"

"Basi nusu ya kosa ni lako."

Hapo alitaka kulia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa na ukweli kidogo.

Daktari alichungulia kutoka juu. "Jamani, nina mgonjwa mdomo wazi huku. Kuna tatizo?"

"Hakuna, daktari!" walijibu kwa pamoja.

Fundi alilizunguka pambo, akalitazama kwa nyuma, akasimama ghafla. "Mjomba, shika huko. Tuligeuze, mgongo uwe uso."

Wakaligeuza. Mstari ukapanda sambamba na ngazi, sawasawa kabisa. Ila mgongo ule ulikuwa umejaa ncha kali zilizoachwa na mashine, za kuchana mkono wa mgonjwa yeyote. Wakaketi kwenye vidato vya ngazi na tupa mbili za kulainishia chuma, wakasugua mchana kutwa, vumbi la chuma puani.

"Unaona?" mjomba alisema, uso umenawiri. "Ningepima kwenye kona yako, tungejuaje kwamba linageuzika?"

Fundi akaendelea kusugua, kwa nguvu zaidi kuliko chuma kilivyohitaji.