Yadi Thelathini na Nane za Orrin

Jumamosi ile Cody, mjukuu wa Irma Ostby, katika mchezo wa mpira wa Kimarekani, alikimbia na mpira mikononi jumla ya yadi 261 mbele ya mji mzima wa Nordahl, na Verna Tollefsrud akampigia makofi mpaka viganja vikamuuma. Alipochoka kupiga makofi aliinua macho kwenye ubao ulioko nyuma ya goli, akasoma alichokuwa akikisoma kila vuli tangu ujana wake: YADI NYINGI ZAIDI ZA KUKIMBIA KATIKA MCHEZO MMOJA, O. TOLLEFSRUD, 1941, 274. Akashusha pumzi. Orrin, marehemu mumewe, bado alikuwa juu.

Kesho yake baada ya ibada watu walishuka chumba cha chini cha kanisa kunywa kahawa. Irma alijaza sahani yake lefse, zile chapati zao za viazi, akaja kukaa ubavuni mwa Verna. Wawili hawa walikuwa mashoga tangu utotoni, kwa hiyo hawakuoneana haya.

"Umelala salama, shoga?"

"Nimelala."

"Mimi usingizi ulinikataa. Nilikuwa nawaza jinsi mumeo alivyowapita watu waliovaa kofia za ngozi za enzi zile, nusu yao wametoka kukamua ng'ombe asubuhi ile ile."

"Hata yeye alikuwa ametoka kukamua," Verna akasema. "Na alicheza dakika zote sitini, kushambulia yeye, kuzuia yeye. Huyu Cody wako akikimbia mara nne anakwenda kukaa kwenye benchi, anapepewa kama bwana harusi."

"Anapepewa kwa sababu ana kazi. Wewe subiri Ijumaa. Mwalimu Kucera akishakata zama, Orrin wako atakwenda kukaa na kina Nuhu."

Meza nzima ikacheka. Verna naye alicheka, ila kahawa ilimpalia.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Umoja wa vyuo vidogo ulikuwa umekiandikia kila chuo barua: kabla ya Ijumaa, taja mwaka ambao zama mpya za mpira wako zilianza. Waliocheza tangu mwaka huo watalinganishwa wao kwa wao katika orodha moja, na waliotangulia watawekwa kwenye orodha yao, ya wazee. Kila chuo kilivuta kamba upande wake. Kimoja kilichagua mwaka kilipojenga uwanja. Kingine, jirani wa hicho hicho, kilichagua mwaka alioanza kazi kocha waliyempenda, na hawakuona aibu kuandika hivyo. Chuo cha Nordahl kilimwachia kazi hiyo Delbert Kucera, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyetunza rekodi za chuo kwa miaka thelathini bila malipo, katika chumba kidogo nyuma ya maktaba.

Jumatatu Verna alioka keki ya tufaha, akaipeleka huko.

"Karibu, Bi Verna. Keki iweke kule mbali na karatasi, tafadhali. Siyo kwamba naikataa."

"Mwalimu, nasikia unataka kumkata mume wangu."

Delbert alivua miwani. Alikuwa mrefu, mkavu, mpole wa sauti, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema namba asiyoijua.

"Simkati mtu. Vita vilipofika timu yetu ilivunjwa, ikarudi mwaka 1946. Tangu hapo nina karatasi za kila mchezo, mbio moja moja: nani, kutoka wapi, mpaka wapi. Kabla ya hapo nina jumla tu zilizotoka gazetini. Siwezi kumlinganisha mtu na mtu kwa kuambiwa."

"Kwa hiyo siyo zile kofia za ngozi?"

"Kofia haihesabiwi. Watu wanafikiri zama zinaanza sheria zinapobadilika. Kwangu zinaanza pale ninapoweza kuhesabu upya mwenyewe. Ningekuwa na karatasi za kina Orrin, ningeanza na mwaka 1938 nikalala usingizi mzuri." Akamtazama kwa huruma. "Lakini usihuzunike. Atakuwa wa kwanza katika orodha ya wazee, na yadi zake 274. Hapo hakuna atakayemgusa tena, maana hakuna atakayeweza kumhesabu."

Alidhani anamfariji. Na kweli Verna alifarijika, mpaka alipofika kwenye ngazi za nje. Hapo akasimama.

Karatasi hizo alikuwa nazo yeye.

Baba yake ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti la Nordahl, na kuanzia mwaka 1938 mpaka 1942 alimkalisha bintiye kando ya mstari na daftari na penseli, aandike kila mpira ulivyokwenda. Madaftari matano. Yalikuwa ndani ya kasha chini ya kitanda, pamoja na gauni lake la harusi. Na baba yake alimfundisha kuhesabu kwa desturi ya Nordahl, ambayo majirani waliicheka: mbio ni mbio. Mtu akiuchukua mpira kutoka kwa mwenzake akakimbia, andika. Akiudaka mpira uliopigwa na wapinzani kwa mguu akakimbia nao, andika vilevile, jumlisha humo humo. Kwingine kote hizo zilikuwa hesabu mbili, na za kudaka hazikuingia kwenye yadi za kukimbia.

Jumanne alilitoa daftari la 1941. Hakuwa na haja ya kutafuta ukurasa. Mstari wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wake wa msichana wa miaka kumi na tisa: *O. T. adaka mpira uliopigwa, yadi 38.*

Ukitoa hizo, Orrin anabaki na 236. Cody amempita.

Akakaa kitandani, daftari mapajani. Akinyamaza, jina la mumewe litakaa kileleni mwa wazee mpaka mwisho wa dunia, na hakuna atakayejua. Wala hatakuwa amesema uongo. Atakuwa ameacha tu kufungua kasha. Alijaribu kuliombea jambo hilo, akaona maombi yenyewe hayapandi, maana alikuwa akimwomba Mungu ruhusa.

Kilichomsumbua zaidi ni Orrin mwenyewe. Kila walipopita chini ya ubao ule, kwa miaka arobaini na zaidi ya ndoa, alisema maneno yale yale: "Verna, ule ubao umenizidi urefu. Zile thelathini na nane za kudaka." Naye kila mara alimshika mkono akamwambia, "Nyamaza, usituharibie siku."

Jumatano asubuhi aliyafunga madaftari matano kwa kitambaa cha meza, akampelekea Mwalimu.

Delbert aliyaweka mezani. Alikwenda kunawa mikono, akaikausha vizuri, ndipo akafungua. Verna aliomba kukaa, akakaa siku mbili na ufumaji wake pembeni, akimtazama. Aliweka rula chini ya kila mstari. Kila mchezo aliuhesabu kutoka mwanzo kwenda mwisho, halafu kutoka mwisho kurudi mwanzo, na hesabu mbili zisipolingana aliufuta wote akaanza upya. Alizipigia simu maktaba za vyuo vingine asomewe magazeti yao ya zamani. Fundi wa dhahabu hapimi kwa uangalifu ule. Verna alifikiri: kama siku ya mwisho mimi nitahesabiwa hivi, sitakuwa na la kulalamika.

Alhamisi alasiri Delbert aliufikia ukurasa ule. Akauhesabu. Akaurudia. Akaurudia tena, mara ya tatu, jambo ambalo hakulifanya kwa mwingine yeyote.

"Mia mbili thelathini na sita," akasema polepole.

"Najua, Mwalimu."

"Ulijua ulipoyaleta?"

"Nilijua nilipoandika."

Delbert aliweka penseli chini. Kisha akachukua kalamu ya wino, na mbele yake akaandika kwenye barua ya Umoja: *Zama mpya za Nordahl zinaanza mwaka 1938, kwa ushahidi wa Verna Rasmussen, aliyeona na kuandika.* Jina lake la usichana. Kwa kalamu hiyo vijana arobaini na mmoja wa miaka ile waliingia katika kitabu cha rekodi, tisa kati yao wakiwa wale waliokwenda vitani wasirudi.

Jumamosi rangi ya ubao ilikuwa bado mbichi. OSTBY juu, TOLLEFSRUD chini yake. Irma alikuja na blanketi, akajifunika yeye na Verna magoti, bila kutania.

"Ungeweza kunyamaza, shoga," akasema mwishowe.

"Nilinyamaza miaka hamsini na mitano. Tena nilimnyamazisha na Orrin mwenyewe."

Wapinzani wakaupiga mpira juu kwa mguu. Cody akaudaka karibu na goli la Nordahl, akapenya, akakata kushoto, uwanja mzima ukasimama.

"Arobaini," Irma akahesabu yadi, vidole hewani. "Arobaini na tano, hamsini..."

Verna alikuwa ameshatoa penseli mkobani.

"Kaa chini, Irma," akasema. "Hiyo ni ya kudaka. Haihesabiwi."