Saa Inayochelewa Kujaa

Saa zilikuwa tatu juu ya kaunta, na Kambare alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Jina hilo alipewa na wenzake bandarini kwa jinsi anavyoshinda kwenye tope, akikagua nguzo za gati chini ya maji. Kampuni ilikuwa imepiga marufuku kuzamia bila saa, na saa yenyewe kila mtu ajinunulie. Mkewe alikaa kwenye stuli kando yake, mkoba mapajani.

Fundi saa aliwaeleza bila haraka. Saa zote hazina betri. Mkono wa mwenyewe ukichezacheza, nazo zinatembea. Pete inayozunguka kioo inageuka upande mmoja tu, ili ikigongwa kwa bahati mbaya ikupunguzie muda wa kukaa chini, isikuongezee. Mke aliipenda hiyo. Alisema laiti msimamizi wa gati naye angeundwa hivyo.

Kambare akavaa ya kwanza, yenye uso wa buluu. Hata hajafunga mkanda, maji machafu yaliingia ndani ya kioo, yakapanda yakafunika mishale, saa ikasimama. Alipoivua, yakakauka, ikaendelea. Ya pili, nyeusi, ilijaa vilevile, ila si kwa kasi ile.

"Hii ina afadhali," alisema.

Mkewe alizivaa zote mbili. Hazikuonyesha hata unyevu.

"Basi saa hazina kosa," alisema. "Kosa ni ile mashine yenu ya hewa."

"Msimamizi kasema itatengenezwa."

"Kasema tangu lini? Si inazimika watu wako chini?"

Fundi alifuta vioo kwa kitambaa. Alisema wapiga mbizi wote wa gati lile, saa zao hufanya hivyo hivyo. Wa upande wa pili wa bandari wanavaa hizi hizi, na zinabaki kavu. Siku hizi yeye habishani na mteja. Anamwacha azijaribu mpaka aridhike.

"Naogopa, baba watoto," alisema mke. "Usiende."

"Nisipoenda mimi, anaingia mdogo wako. Ameshapimwa nguo za kuzamia."

Mke akanyamaza. Mdogo wake alikuwa na furaha ya kupata kazi, na hata kuogelea kwenyewe anaogelea kwa kubahatisha. Alimpenda sana, na alijichukia kwa kunyamaza kule.

Ya tatu ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote, kioo kimejaa mikwaruzo. Maji yalipanda taratibu mno, nao watatu wakayatazama kama watu wanaosubiri chai ichemke. Mshale wa sekunde ulizunguka na kuzunguka kabla haujafunikwa. Kambare alitabasamu. Mtu mwepesi angeweza kupanda juu katika muda huo, au karibu na juu. Akaomba mkanda mrefu, unaozunguka mkono wenye nguo ya kuzamia.

Mke alilipa bila kuomba apunguziwe. Kisha akauliza kama saa ikirudi, duka hununua.

"Tunanunua, shemeji," alisema fundi, akitoboa tundu jingine kwenye mkanda. "Hii nimeshainunua mara mbili. Kwanza aliileta mke wa mmoja, halafu mama wa mwingine."

Akamfunga Kambare saa mkononi, akamuuliza kama inabana. Kambare akasema haibani, iko sawa.