Mkono Usiovujisha

Mfuko wa samaki una sheria zake, na mimi nazijua zote, kwa bahati mbaya yangu. Maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili. Pembe mbili za chini unazifunga kwanza, maana samaki akishajibana kwenye pembe hafikirii kurudi nyuma, anafia hapo hapo na nafasi tele mgongoni kwake. Kisha unaingiza bomba la mtungi, mfuko unavimba, unachomoa bomba, unaisokota shingo ya mfuko mpaka iwe ngumu, unaikunja, unaizungushia mpira mwembamba mara sita. Ukiuweka sikioni haupumui. Ukiupindua juu ya gazeti, gazeti linabaki kavu. Samaki wetu wa dhahabu wa Tulungagung, wale wa mikia mipana na vitumbo vya mviringo, hulala humo siku tatu, wakavuka bahari na kufunguliwa wakiwa hai na watu ambao sitawaona maishani.

Mifuko yangu haikuwahi kuua. Miaka saba, hata samaki mmoja. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi kila niliposifiwa nilizidi kukaza, na huo ndio ulikuwa ujinga wangu. Ningeua samaki kumi kila mwezi kama wafungaji wa mabwawa mengine, ningekuwa nimeshaachiwa zamani.

Mwenye mabwawa alikuwa Bu Sumirah, mama mkwe wangu. Kwetu kila mama mtu mzima huitwa Bu. Mume wangu, Gunadi, alikwenda Balikpapan, ng'ambo ya bahari, kuendesha mashine bandarini. Akapata nyumba ya vyumba viwili, akaja kumchukua binti yetu Niken aanze shule huko. Mimi nikaambiwa nitafuata baada ya wiki chache, akishapatikana mtu wa kushika nafasi yangu kwenye meza ya kufungia mifuko. Wiki chache zikawa miaka miwili. Niken aliondoka ana miaka saba. Akafikisha tisa, na kwenye simu akaanza kuongea kwa lafudhi ya huko.

"Mama, naomba nikate," aliniambia siku moja. "Bu Ros ananiita anisuke."

"Bu Ros ni nani?"

"Si jirani! Nilishakwambia, Mama. Yule anayetupikia."

Simu ikakatika. Nilirudi mezani nikafunga mifuko sitini bila kuinua kichwa, na kila shingo niliyoisokota niliisokota kwa hasira. Mwanamke mwingine anamsuka mwanangu, na mimi nawavalisha samaki mifuko! Nilimchukia Bu Ros ambaye sijamwona, nikamchukia Gunadi, nikavichukia vidole vyangu mwenyewe.

Kuondoka tu haiwezekani. Kwetu mkwe haondoki, huagwa. Unapiga magoti mbele ya mama mkwe, unaomba radhi, unabusu mkono wake, na mkono huo lazima utolewe. Ukienda bila kupewa mkono, hata mumeo atakufungulia mlango uso ameuinamisha. Na Gunadi nilimjua. Kila nilipomlalamikia alikuwa na neno moja: "Vumilia, Las. Usimuudhi Mama." Mwanaume mzima anayenyanyua makontena, anamwogopa bibi wa kilo arobaini.

Nilipiga magoti mara nne. Mara zote nne Bu Sumirah alikuwa ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili.

"Bu, naomba ruhusa nimfuate mume wangu."

"Ruhusa unayo, Nduk," alisema. Aliniita binti, kwa upole, maana hakuwahi kunifokea; angenifokea ningepata pa kushikia. "Ila nani atafunga?"

"Watu wapo, Bu."

"Watu wapo, mikono haipo. Niletee mkono kama huo wako, hata kesho nenda. Nikuzuie, kwani wewe mbuzi wangu?"

Basi nikautafuta mkono. Nikamleta mezani Ndari, mpwa wake Bu Sumirah, mwanamke wa miaka ishirini na sita. Mumewe alikuwa amemwacha, wazazi wake walikuwa wamekufa, na alikuwa analala kwenye chumba cha nyuma karibu na mitungi ya oksijeni. Nikamfundisha miezi minane. Alikuwa na ulimi mkali, na niseme ukweli, siku zile mbili tatu nilizocheka katika miaka ile nilichekeshwa na yeye.

"Mbak Lasmi," aliniambia, akiniita dada kama kawaida yake, wakati tunawavua samaki kutoka kwenye beseni la kufungia. Samaki wanaosafiri hunyimwa chakula siku mbili kabla, ili wasichafue maji yao njiani. "Hawa wamefunga siku mbili bila kunung'unika. Wewe Ramadhani iliyopita ulituletea visingizio vingapi?"

"Nilikuwa naumwa tumbo."

"Lilipona saa ya tempe kukaangwa."

Mwezi wa tano alikuwa anafunga karibu sawa na mimi. Tatizo, Bu Sumirah akisogea tu, vidole vya Ndari vinageuka vijiti. Mpira unamkatikia, maji yanamwagika, mfuko unapumua. Nilidhani ni woga. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamwombea dua. Mwisho Bu Sumirah akachoka na maneno yangu.

"Tupime," alisema. "Afunge mifuko kumi peke yake, samaki watano kila mfuko, kwa mpira mwekundu ili tuijue. Ikae rafuni siku tatu. Samaki wote wakitoka hai, Lasmi aende kwa mumewe. Wakifa, Ndari, utanisamehe, hii kazi hukuumbiwa, utafute riziki kwingine. Na wewe Lasmi usiiguse."

"Siigusi, Bu," nikasema.

Ndari akafunga mifuko yake kumi nikiwa nimekaa nje kwenye kivuli cha matangi, nikiuma kucha. Ikapangwa rafuni, ikafunikwa kwa gunia.

Siku ya pili mchana Bu Sumirah alikwenda kwenye karamu ya arobaini ya jirani, na Ndari akaenda naye kumbebea kapu la wali. Nilibaki peke yangu. Nilijiambia nitatazama tu. Nikaliinua gunia.

Mifuko miwili ilikuwa imelegea kabisa. Lakini hilo lilikuwa dogo. Maji ya mifuko yote kumi yalikuwa na ukungu, na ndani yake vimeelea vinyesi virefu kama nyuzi. Samaki walikuwa wamelishwa! Mfungaji yeyote wa Tulungagung angelijua hilo akiwa mlangoni. Samaki mmoja alikuwa amelala ubavu, midomo yake inafunguka na kufunga juu ya maji. Wengine wasingefika asubuhi.

Nikamwona Ndari akilini mwangu, amesimama kwenye beseni, samaki wanamtazama kwa ile midomo yao ya kuomba, na yeye anadondosha chakula kidogo, kidogo tu, kwa huruma. Ni kosa la mgeni wa kazi. Nilimfundisha miezi minane aje anipotezee mwanangu kwa huruma ya samaki? Nilifikiria kuliachia gunia. Nilifikiria kwa muda ule wa kwenda mlangoni na kutia komeo.

Nikafungua mifuko yote. Nikamwaga yale maji, nikatia mengine yaliyotulia tangini, nikapuliza oksijeni, nikasokota, nikakunja, nikazungusha mpira mwekundu mara sita. Yule aliyelala ubavu nilimbadilisha na mwenzake wa umri wake kutoka kwenye beseni. Mgonjwa nilimrudisha bwawani, sijui kama alipona. Kazi yote haikufika nusu saa. Nikakausha meza, nikarudisha gunia, na waliporudi na kapu tupu wakanikuta napepeta pumba.

Siku ya tatu Bu Sumirah alikata mpira mwenyewe, mfuko mmoja baada ya mwingine, akimimina kwenye karai. Samaki waliruka kama waliotoka jela. Kumi. Ishirini. Hamsini, wote hai, maji maangavu. Bu Sumirah aliweka mkasi chini akamshika Ndari mashavuni.

"Alhamdulillah! Kumbe mkono ulikuwa humu humu ndani mwangu, mimi nahangaika!"

Kisha akakaa kitini akaniita. Hakuwa na kikombe. Nikapiga magoti, akanipa mkono, nikaubusu nikaulowesha kwa machozi kama mtoto. Alinipapasa kichwa, akaniombea safari njema. Sikumtazama Ndari. Nilidhani nitamtazama baadaye, nikishatulia.

Asubuhi yake nilikuwa nakunja nguo zangu, basi la kwenda bandarini Surabaya linaondoka saa nne. Ndari akaja akasimama mlangoni.

"Ulibadilisha maji," alisema.

"Ulikuwa umewalisha, Ndari! Nilikwambia mara ngapi usiwaonee huruma kabla ya safari? Ningefanyaje?"

"Huruma?" Alicheka, ila si kile kicheko chake. "Mbak, niliwalisha mara tatu. Asubuhi, mchana, jioni. Walishiba mpaka wakakataa. Na ile mifuko miwili niliizungushia mpira mara mbili tu, makusudi. Unadhani miezi minane yote vidole vyangu vilikuwa vinamwogopa shangazi?"

Nilikaa kitandani na blauzi mkononi.

"Rafiki yangu yuko Sidoarjo, kiwanda cha viatu," alisema. "Amenishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Nilikuwa nasubiri nifukuzwe tu. Anayefukuzwa hapigi magoti, Mbak. Anachukua kibegi chake anaondoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Wewe uliyekuwa unaniamsha alfajiri nisokote mifuko mitupu?"

Kutoka sebuleni nilimsikia Bu Sumirah anaongea kwa simu na wanunuzi, anawaambia mfungaji mpya ni damu yake mwenyewe, huyu haendi popote. Alikuwa na furaha ya kweli.

"Nitamwambia," nikasema. "Nitamwambia nilifungua mimi. Nakwenda sasa hivi."

Nikasimama kweli. Nikafika hata karibu na mlango, na Ndari akanipisha. Kisha akilini nikamwona Niken amekaa katikati ya magoti ya Bu Ros, kichwa kimeinama, anasukwa. Nikarudi kitandani. Nikaikunja ile blauzi, nikaitia begini. Aibu niliyoisikia wakati ule ninayo hadi leo, nakula nayo na kulala nayo hapa Balikpapan.

Ndari alinitazama nikisimama, akanitazama nikikaa. Hakuonekana kushangaa.

"Kaa tu, Mbak. Hata mimi nisingekwenda," alisema. "Ila niambie kitu kimoja, maana umenifundisha yote ukaacha hili. Kijiji kizima wanawake wamejaa, wapo wenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Ulinichaguaje mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Kwa sababu huna mtu wa kuja kukuulizia," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Ndivyo nilivyodhani. Na mimi nikitaka kutoka, nianze na nani?"

Nilifungua mdomo nimwambie asije akamfanyia mtu hivyo. Badala yake nikamtajia jina la mjane mmoja anayeishi peke yake nyuma ya msikiti.